Ingilia, ingiliana na kelele: istilahi za umeme katika kutafuta dhahabu

Sentensi “Epuka mwingiliano wa umeme” haina kosa la kisarufi. Hata hivyo, mchimbaji mdogo aliyeshika mashine ya kutafutia dhahabu huko Nyarugusu, mkoani Geita, au Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, hawezi kuitekeleza. Haimwambii ni kipi kinachokiingilia kingine, umeme unaosemwa ni wa nyaya au wa mawinguni, wala afanye nini ili auepuke. Makala haya yanachambua maneno yanayohitajika ili maelekezo ya aina hiyo yaeleweke. Yanaanza na jambo lenyewe, kwa kuwa mfasiri asiyelielewa jambo hawezi kulichagulia neno.

Jambo lenyewe

Mashine ya kutafutia metali hutuma na kupokea. Koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi na kufungwa mwishoni mwa mpini, hupitisha mkondo wa umeme unaozalisha ugasumaku. Ugasumaku huo hupenya ardhini, na unapobadilika huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya kipande chochote cha metali kilicho karibu. Mikondo hiyo nayo huzalisha ugasumaku wake hafifu, ambao mashine huunasa na kuugeuza kuwa sauti. Baadhi ya mashine hutuma mawimbi mfululizo. Nyingine, hasa zile zilizokusudiwa udongo wenye chuma kingi, hutuma mapigo mafupi na kusikiliza kati ya pigo moja na jingine.

Ishara inayorudi kutoka kwenye punje ndogo ya dhahabu ni hafifu mno, hivyo hapana budi ikuzwe. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, maana kikuzaji hakibagui. Koili iliyotengenezwa ili inase ishara hafifu ya dhahabu hunasa pia mawimbi ya nyaya za umeme, jenereta, mota za pampu za maji, makarasha ya kusagia mawe, simu, minara ya mawasiliano, mashine ya mtafutaji mwingine, na radi iliyopiga mbali.

Vyanzo hivyo havikosekani katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga. Njia kuu ya umeme iliyojengwa kwa msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida huishia Shinyanga, na njia ya kilovolti 220 huunganisha Bulyanhulu na Geita. Umeme wa gridi nchini Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na vifaa vinavyoutumia huongeza juu yake mawimbi mengine yenye mizunguko mingi zaidi. Pasipofika gridi hufika jenereta. Dhahabu na kelele za umeme hukaa jirani: palipo na dhahabu pana karasha, na palipo na karasha pana mota.

Ingilia na ingiliana

Kitenzi ingia kikipewa kiambishi cha kutendea huwa ingilia, yaani kupenya katika jambo au mahali pa mwingine bila kualikwa. Kikiongezwa kiambishi cha kutendana huwa ingiliana, na kutokana nacho huundwa nomino mwingiliano. Kiambishi -an- si pambo. Kinasema kwamba pande mbili zinatendana: A inaiingilia B, na B inaiingilia A.

Kwa sababu hiyo, mwingiliano ni neno lifaalo katika fizikia ya mawimbi, pale mawimbi mawili yanapokutana na kila moja kuathiri umbo la pamoja. Linafaa pia kwa mahusiano ya watu, tamaduni au dawa mbili zinazoathiriana mwilini. Lakini nyaya za TANESCO zinapoisumbua mashine ya mchimbaji, tendo ni la upande mmoja. Nyaya zinaiingilia mashine, ilhali mashine haizifanyi lolote nyaya. Linganisha:

Isiyofaa: “Nyaya za umeme na mashine zinaingiliana.”
Inayofaa: “Mawimbi ya nyaya za umeme yanaiingilia mashine.”
Inayofaa: “Mashine inaingiliwa na mawimbi ya nyaya za umeme.”

Ipo hali moja ambayo ingiliana ndiyo sahihi kabisa, nayo ni ya watafutaji wawili wanaofanya kazi karibu karibu. Kila mashine hutuma na kupokea, hivyo kila moja huisumbua nyingine: “Mashine hizi mbili zinaingiliana.” Tofauti hii ya kisarufi inabeba tofauti ya tiba. Nyaya hazihami, kwa hiyo mtafutaji ndiye anayepaswa kubadilisha mipangilio ya mashine au mahali pa kufanyia kazi. Mashine mbili zikiingiliana, watu wawili wanaweza kupatana: mmoja asogee, au kila mmoja achague chaneli yake. Mfasiri anayetumia mwingiliano kwa hali zote mbili humnyima msomaji taarifa ambayo Kiswahili kingeibeba kwa silabi moja tu.

Nomino ya tendo la upande mmoja ni uingiliaji: “uingiliaji wa mawimbi ya umeme.” Isichanganywe na uingiliaji kati, ambao ni kujitia katika shauri la wengine ili kulituliza au kulibadilisha. Walimu wakumbuke vilevile kwamba kitenzi ingilia, kikiwa na mtendwa mtu, hutumiwa katika lugha ya mahakama na ya stara kwa maana ya tendo la ndoa. Darasani ni salama zaidi kuanza na mfano wenye mtendwa kitu.

Kuhusu tahajia, kiambishi cha mtendwa -i- kinachowakilisha mashine huandikwa hata kinapofuatwa na i ya mzizi. Huandikwa yanaiingilia, na katika hali ya masharti yakiiingilia, yenye i tatu mfululizo. Umbo hilo halipendezi macho, lakini ni sahihi. Asiyelitaka aweza kutumia kauli ya kutendwa: mashine ikiingiliwa.

Mlio, kelele na mvumo

Katika maelekezo ya kazi, nomino uingiliaji ni nzito. Msomaji aliye juani na koili mkononi huhitaji neno analoweza kulisikia. Neno hilo lipo: kelele.

Katika Kiswahili, chombo hulia. Simu hulia, kengele hulia, king’ora hulia, na kinacholia humwita mtu. Kupiga kelele ni jambo jingine, maana kelele ni sauti isiyotakiwa, inayomzuia mtu kusikia anachotaka kusikia. Basi lugha imeshatenganisha vitu viwili ambavyo mtafutaji wa dhahabu anapaswa kuvitenganisha. Mlio ni sauti inayosababishwa na kitu kilichomo ardhini. Kelele ni sauti inayotoka kwingineko. “Mashine inalia” ni habari njema. “Mashine inapiga kelele” ni malalamiko. Mfasiri anayeandika sauti kwa vyote viwili hufuta mstari ambao msomaji alikuwa nao tayari.

Istilahi ya tatu ni ya ule mlio mwembamba usiokatika ambao baadhi ya mashine hutoa hata pasipo na kitu, ili sikio ligundue badiliko dogo. Tafsiri ya neno kwa neno ya jina lake la Kiingereza ni kizingiti. Kizingiti ni mbao au jiwe la mlangoni, na kwa maana ya kitaalamu ni kiwango ambacho jambo halitokei mpaka livukwe. Msomaji akielekezwa “sikiliza kizingiti” hatajua la kusikiliza. Mvumo wa msingi hueleweka mara moja. Mvumo ukitulia, mashine iko sawa. Ukipanda na kushuka ovyo, inaingiliwa. Ukikatika au kupanda mahali pale pale kila koili inapopita, kuna kitu.

Kelele zenyewe ni za aina mbili, na ni lazima zitajwe kwa majina mawili. Kelele za umeme hutoka hewani. Kelele za udongo husababishwa na madini ya chuma yaliyomo ardhini na katika mawe. Upo mtihani rahisi wa kuzitofautisha: inua koili kutoka ardhini na uishike bila kuisogeza. Kelele zikikoma, zilikuwa za udongo. Zikiendelea au zikizidi, ni za umeme. Mtihani huu unastahili kutangulizwa katika mwongozo wowote, kwa kuwa dawa za aina moja hazitibu nyingine.

Dawa ya kelele za udongo nayo huponzwa na tafsiri. Kuandika “sawazisha ardhi” ni kumwagiza msomaji achukue jembe na kuondoa mabonde. Kinachosawazishwa ni mashine, si ardhi: “rekebisha mashine ifuate udongo wa mahali ulipo.”

Umeme wa nyaya na umeme wa radi

Kiswahili hutumia neno umeme kwa mmweko wa mawinguni na kwa nguvu inayopita kwenye nyaya. Kwa mintarafu ya mada hii ukubwa huo wa maana unafaa, kwani vyote viwili huisumbua mashine. Radi hutoa mawimbi yanayosafiri mbali sana, na mashine inaweza kutoa milipuko ya kelele hata kabla wingu halijaonekana.

Hata hivyo, mambo haya mawili hayamtaki mtu atende jambo moja. Umeme wa nyaya ni usumbufu wa kazi. Umeme wa radi ni hatari kwa uhai. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yenye radi nyingi, na mtafutaji aliye mahali pa wazi ni windo jepesi. Kwa hiyo mfasiri asiridhike na “kelele za umeme” pale matini inapozungumzia hali ya hewa. Aandike umeme wa nyaya au umeme wa gridi kwa ule wa kwanza, na radi kwa ule wa pili. “Dhoruba ya umeme” nayo haifai: dhoruba humpeleka msomaji kwenye upepo mkali na bahari iliyochafuka, ilhali kinachosemwa ni mvua ya radi. Onyo lenyewe liandikwe bila kuzunguka: “Ukisikia ngurumo, zima mashine, ingia ndani ya jengo imara au gari lililofunikwa, na usirudi kazini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.”

Masafa, umbali na marudio

Dawa ya kwanza ya kelele za umeme ni kuihamishia mashine kwenye mawimbi ambayo hayagongani na yale ya chanzo. Istilahi iliyozoeleka katika redio ni masafa: masafa mafupi, masafa ya kati. Lakini masafa katika lugha ya kila siku ni mwendo kati ya mahali na mahali. Agizo “badilisha masafa” laweza kumfanya msomaji arudi nyuma hatua 100 badala ya kubonyeza kitufe. Ugumu unaongezeka kwa kuwa kurudi nyuma nako ni dawa ya kweli, hivyo msomaji hana sababu ya kushuku kwamba ameelewa vibaya. Utatuzi ni kuyatenga maneno: masafa ya mawimbi au chaneli kwa kinachobadilishwa kwenye mashine, na umbali kwa kinachopimwa kwa hatua.

Baadhi ya waandishi wa fizikia hutumia marudio badala ya masafa. Katika vitabu vya shule neno hilo halina ubaya. Kwa wasomaji wa maeneo ya uchimbaji linagongana na marudio yao, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu na huchakatwa tena. “Chagua marudio yenye kelele kidogo” ni sentensi ambayo mchimbaji angeielewa vizuri sana, isipokuwa kwa maana nyingine kabisa.

Dawa ya pili ni kupunguza uwezo wa mashine wa kunasa ishara hafifu. Unyeti ni neno sahihi la kamusi, ila katika matumizi ya kawaida huambatana na habari nyeti na sehemu nyeti. Usikivu ni bora zaidi. Watanzania wamelizoea katika “usikivu wa redio”, na linakubaliana na kelele, mlio na mvumo, kwani yote ni maneno ya sikio. Istilahi za familia moja hukumbukwa kwa urahisi.

Chuma, metali au madini?

Limebaki jina la chombo chenyewe. Kigunduzi hutokana na gundua, kufichua kilichokuwapo bila kujulikana. Kitambuzi hutokana na tambua, kujua kitu ni kipi. Mashine nyingi husema kwamba kipo kitu, na si zote zinazosema ni kitu gani, hivyo kigunduzi ni sahihi zaidi. Mashine ya kutafutia dhahabu nalo ni jina lisilo na lawama katika matini ya watu wote.

Utata mkubwa uko kwenye neno linalofuata. Kigunduzi cha chuma kina kasoro, kwa kuwa chuma ni metali mojawapo tu, tena ndiyo ambayo mtafutaji wa dhahabu hataki kuipata. Mwongozo unaokiita chombo hivyo, kisha ukafundisha namna ya kupuuza chuma, hujipinga wenyewe. Kigunduzi cha madini nacho kina kasoro ya upande wa pili. Almasi ni madini, lakini si metali, na almasi ya kawaida haipitishi umeme, hivyo koili haiioni. Katika Kata ya Songwa, Wilaya ya Kishapu, jirani na Mwadui, ambako John Williamson alipata almasi mwaka 1940, jina hilo laweza kumfanya mtu atumie akiba yake kununua chombo kisichoweza kumpatia almasi hata moja. Kigunduzi cha metali ndilo jina lisilompotosha mtu wa Geita wala wa Kishapu.

Kielelezo cha maelekezo

Matini ifuatayo inatumia istilahi zilizopendekezwa. Inafaa kwa zoezi la darasani la kufasiri na kulinganisha.

1. Zima simu yako au iache mbali. Washa mashine mahali palipo mbali na gari na jenereta.
2. Inua koili na uishike bila kuisogeza. Kelele zikikoma, ni za udongo. Zikiendelea, ni za umeme.
3. Geuza koili polepole huku na huku. Kelele zikipungua ikielekea upande fulani na kuongezeka ikielekea upande mwingine, umethibitisha kwamba zinatoka nje ya ardhi.
4. Badilisha chaneli, au bonyeza kitufe cha kutafuta masafa tulivu ya mawimbi. Usisogeze koili mpaka mashine imalize.
5. Kelele zisipokwisha, ongeza umbali kati yako na chanzo. Mashine ya mwenzako ikiwa ndiyo chanzo, patana naye.
6. Mwisho, punguza usikivu kidogo kidogo. Acha mara mvumo unapotulia.
7. Chimba pale tu mlio unaporudi mahali pale pale koili ikipita kutoka pande mbili. Mlio unaofuata mstari mrefu ulionyooka huenda ni wa bomba au waya wa umeme uliozikwa: usichimbe.
8. Ukisikia ngurumo, zima mashine na uondoke.

Mpangilio wa hatua una maana, na mfasiri asiuvuruge. Kubadilisha chaneli aghalabu hakugharimu kitu kikubwa. Kupunguza usikivu hugharimu kina, kwa kuwa punje ndogo au iliyo chini zaidi haitasikika tena, na mtafutaji hatajua kwamba ameipita. Shimo lililochimbwa bure kwa sababu ya kelele huonekana na kuumiza mgongo; dhahabu iliyopitwa kwa sababu ya usikivu uliopunguzwa mno haimwachii mtu alama yoyote. Ndiyo maana hatua ya usikivu huja baada ya nyingine.

Muhtasari wa istilahi

Herufi EMI, zinazotumika katika miongozo ya vigunduzi: uingiliaji wa mawimbi ya umeme (katika matini ya kitaalamu), kelele za umeme (katika maelekezo).
Ingiliana, mwingiliano: kwa mashine mbili au mawimbi mawili yanayoathiriana tu.
Mlio: sauti ya kitu kilichomo ardhini. Kelele: sauti isiyotakiwa. Mvumo wa msingi: sauti ya kudumu ya kulinganishia.
Umeme wa nyaya: wa gridi au jenereta. Radi: wa mawinguni.
Masafa ya mawimbi, chaneli: mpangilio wa mashine. Umbali: mwendo kati ya mahali na mahali.
Usikivu: uwezo wa mashine kunasa ishara hafifu.
Kigunduzi cha metali: si cha chuma, wala si cha madini.

Kwa istilahi hizi, sentensi iliyotajwa mwanzoni yaweza kuandikwa upya: “Mashine ikiingiliwa na mawimbi ya nyaya, badilisha chaneli, mashine mbili zikiingiliana, ongezeni umbali, radi ikikaribia, zima mashine na uondoke.” Ni ndefu kuliko ile ya awali, lakini kila sehemu yake inamtajia msomaji chanzo cha kelele na jambo la kutenda.